Boksi langu la kwanza ni feki? Na nyie mnakusanyaje anime za diski bila kufilisika

Epi_ya_19

Wakuu, habari zenu.

Mimi kwenye kukusanya ni mgeni kabisa, ila kutazama nimeanza zamani. Miaka yote nilikuwa naangalia mtandaoni kama watu wengine. Kuna hadithi moja ya anime (katuni za Kijapani) ya episodi 26 niliipenda kupita kiasi, nikawa naitazama kidogo kidogo ili isiishe. Nikaishia ya 19. Niliporudi baada ya wiki mbili nikakuta imeondolewa, leseni imeisha. Hakuna taarifa wala kwaheri, yaani ukilitafuta jina lake unaletewa vitu vingine "unavyoweza kupenda". Siku hiyo niliapa kwamba kuanzia sasa nikipenda kitu nakitaka kwenye rafu, nikishike kwa mkono.

Nikaingia kichwa kichwa. Nilikuta boksi la DVD la hadithi hiyohiyo, episodi zote 26 ndani ya diski 3, bei kama theluthi ya nilizoziona kwingine. Kava zuri, muuzaji anasifiwa. Nikalipa. Limefika wiki iliyopita, na mwenzenu nimeanza kushtuka.

Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na Kichina tu. Jina la mhusika mkuu linaandikwa namna tatu tofauti, na kwenye episodi ya 9 wamemtafsiri kabisa, akawa anaitwa kama jina la kitu badala ya mtu. Kuna mahali anamlilia dada yake, muziki umeshuka, mvua inanyesha, na maandishi yanasema, kwa tafsiri yangu, "mimi ni mlango wako wa leo". Nilicheka mahali pa kulia. Picha zikiwa na mwendo wa kasi zinakatikakatika kama vigae. Nyuma ya kava, kwenye alama ya ukanda (sehemu ya dunia ambako diski inakubali kucheza), wameandika ALL. Halafu lililoniuma kuliko yote: diski ya 3 inacheza episodi ya 19 vizuri tu, ikifika ya 20 inaganda. Yaani niko palepale nilipokuwa.

Maswali yangu ni mawili. Hili ni feki? Na mtu asiye na hela nyingi anakusanyaje hivi vitu, maana nimeona boksi halali la episodi 12 linauzwa ghali kuliko deki yangu?

Nawasilisha.

---

Mtazama_Usiku

Feki hiyo mkuu, pole sana.

Hesabu ndogo tu: DVD ya tabaka mbili ina nafasi ya GB 8.5. Waungwana huweka episodi 4 mpaka 6 hivi, kwa hiyo episodi 26 zinakula diski 5 au zaidi. Wewe umepewa tisa tisa kwenye diski moja. Hivyo vigae unavyoviona ni picha iliyobanwa mpaka ikakosa pumzi.

Mimi ndiyo maana sinunui. Nina hadithi kibao kwenye hadi diski ya kompyuta, zimetulia tu.

---

Deki_Kongwe

Zimetulia mpaka siku hadi diski itakapoanza kugonga kama saa ya ukutani. Tutaongea siku hiyo.

Epi, karibu chamani kijana wangu. Kabla hujaongeza neno chukua tochi ya simu. Toa diski ya kwanza, igeuze upande unaong'aa, utazame ule mzingo mwembamba unaozunguka tundu la katikati, pale ambapo hapana picha wala sauti. Iinamishe taratibu mpaka mwanga ulale juu yake. Diski iliyochapwa kiwandani kwa utaratibu kwa kawaida ina misimbo midogo sana inayoanza na herufi IFPI, jina la shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki. Mmoja unataja mashine iliyotengeneza diski mama, mwingine unataja kalibu iliyochapa hii uliyoshika. Utaratibu huo ulianza mwaka 1994. Feki nyingi hazina, au pamekwaruzwa makusudi. Na ukikuta upande wa chini una rangi ya zambarau, hiyo haikuona kiwanda kabisa, imechomwa kwenye kompyuta ya mtu. Usihukumu kwa alama moja, lakini ukiunganisha na hayo maandishi ya mlango wa leo, mimi nimeshaandika hukumu.

Sasa tuje kwenye hela.

Mimi nilianza na kanda za video, nikaingia DVD mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huo kampuni za Marekani zilikuwa zinauza anime juzuu moja moja, episodi 3 au 4 kwa kila diski. Juzuu la kwanza mara nyingi ungeweza kulinunua pamoja na kasha gumu la karatasi lenye michoro, limeachwa wazi ndani ili ulijaze mwenyewe kadiri juzuu zinavyotoka. Ujanja mzuri wa biashara, maana hakuna mtu anayevumilia kutazama kasha tupu. Lakini angalia kilichotokea. Watu wengi wananunua juzuu la 1. Wachache wanarudi kwa la 2. Hadithi ikifika mwisho wamebaki wenye roho ngumu tu, na kampuni nazo zikijua hivyo zikawa zinachapa pungufu. Ndiyo maana leo kwenye mtumba juzuu la 1 la karibu kila kitu limezagaa, na la mwisho unalitafuta kwa tochi.

Nilijifunza hilo kwa maumivu. Nilikusanya juzuu 5 kati ya 6 za hadithi moja ndani ya miezi miwili, kwa bei ya kuokota, nikajiona mjanja kuliko wote. La 6 nimelisubiri miaka saba. Miaka saba kasha limekaa na pengo kama mtoto aliyeng'oka jino, kila mgeni akiingia ananyoosha kidole: "hapa pamepotea nini?"

Tangu hapo nanunua kinyumenyume. Naanza na juzuu la mwisho. Nikilipata kwa bei ya kuvumilika, yaliyobaki nayaokota taratibu bila presha. Nikilikosa, sijafunga hela yangu kwenye kitu nusu. Na ukiwa na subira, kuunga juzuu moja moja mara nyingi hutoka nafuu kuliko boksi kamili, kwa sababu muuzaji wa boksi anajua ana nini mkononi, na muuzaji wa juzuu la 3 peke yake anataka tu liondoke.

La pili, jua nani kafa na nani karithi. Geneon ya Marekani iliacha kusambaza mwaka 2007. ADV Films ilifungwa 2009. Bandai Entertainment ilisimamisha matoleo mapya 2012. Kampuni ikifa diski zake hazichapwi tena, na bei ya mtumba inapaa. Hapo ndipo watu wanapoliwa, wanadhani kitu hakitarudi tena duniani. Leseni haizikwi na kampuni, inaweza kuhamia kwa mwingine. Discotek Media wamejijengea jina kwa kufufua vya zamani hivyohivyo. Chukua mfano wa anime ya Neon Genesis Evangelion: DVD za ADV zilikuwa zinawindwa kama pembe, halafu 2021 kampuni ya GKIDS wakaitoa kwa Blu-ray. Ila usizitupe zile za zamani, maana zina wimbo wa "Fly Me to the Moon" mwishoni mwa episodi, na kwenye toleo la GKIDS haumo. Kwa hiyo kabla hujalipa bei ya kichaa jiulize unachotaka ni hadithi au ni toleo hilo hasa. Ukiwa unataka hadithi tu, subiri. Ukiwa unataka toleo, kubali maumivu na usije kulalamika hapa.

La tatu, matoleo ya bei ya chini. Funimation walikuwa na mfululizo uitwao S.A.V.E., kava lina mstari wa kijani ambao wakusanyaji wenye maringo wanauchukia. Mimi naupenda. Ndani ni hadithi kamili, kilichopungua ni kasha la mbwembwe na kijitabu. Nina kama kumi, nimezipanga rafu ya chini kabisa ambako wageni hawainami. Bado zinaonekana kwenye mtumba.

Na ukiona boksi la Funimation la zamani muuzaji anakuongezea bei kwa sababu ya karatasi yenye msimbo wa "nakala ya dijitali" isiyotumika, mcheke kwa adabu. Huduma ya Funimation ya mtandaoni ilizimwa tarehe 2 Aprili 2024, na nakala za dijitali zikaenda nayo. Hiyo karatasi ni ya kuwekea alama ya kitabu.

---

Rafu_ya_Tatu

Mzee Kongwe kasema kweli, ila kila siku anaongea kana kwamba dunia iliishia kwenye DVD. Dada yenu niongezee ya Blu-ray.

Kwanza hesabu ya Mtazama Usiku ni sahihi kwa DVD, lakini msiibebe kila mahali. Kuna diski za Blu-ray ambazo ndani yake picha ni ya ubora uleule wa kawaida wa DVD, hasa za hadithi ndefu za zamani. Discotek wanatoa sana za namna hiyo. Kwa kuwa Blu-ray ya tabaka mbili inabeba GB 50, unakuta makumi ya episodi yamekaa kwenye diski moja na hayajabanwa hata kidogo. Mimi mara ya kwanza kuona nilitaka kumshtaki muuzaji. Kumbe ni halali, tena ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumiliki hadithi ndefu, kwa sababu diski chache ni gharama ndogo na uzito mdogo wa kusafirisha.

Pili ni ukanda. (Ukanda wa dunia jamani, siyo kanda za video za mzee.) DVD zimegawanywa kwa namba: Marekani na Kanada ni 1, Japani na Ulaya ni 2, Australia 4, sehemu kubwa ya Afrika ni 5. Blu-ray zina herufi: A ni Marekani zote mbili pamoja na Japani, B ni Ulaya, Afrika na Australia. Deki nyingi za DVD unaweza kuzifungua kwa rimoti, unabonyeza namba fulani na inakubali kila kitu. Za Blu-ray ni ngumu, mara nyingi inabidi ununue iliyokwisha kufunguliwa. Ukitumia draivu ya kompyuta kuwa makini, ya DVD inakuruhusu kubadilisha ukanda mara tano tu, baada ya hapo inabaki ulipoiachia. Diski za 4K (Blu-ray za picha kali zaidi) hazina kufuli la ukanda. Kwa hiyo kabla hujafurahia bei, soma nyuma ya kava. Bei nafuu ya diski isiyocheza kwako ni hasara tu.

Mimi hapo niliteleza vibaya. Niliona Blu-ray za mtumba kutoka Japani, juzuu zote, kasha safi kama limetoka kiwandani leo, kadi za picha hazijaguswa, bei ya chini mno. Wajapani wanatunza vitu vyao jamani. Deki yangu inakubali A, nikajua nimepata. Zikafika, nikaweka diski, nikatafuta maandishi. Hakuna. Siyo Kiingereza, siyo chochote, ni Kijapani mwanzo mwisho. Na kila diski ina episodi 2. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba kule anime nyingi za usiku wa manane, kamati ya kampuni zinazoigharamia ndiyo inayolipia muda wa televisheni, halafu hela inarudishwa kwa kuwauzia mashabiki wachache diski za bei kubwa. Hazikukusudiwa mtu kama mimi. Lakini nimezitazama zote hivyohivyo. Mara ya tatu nilikuwa nalia mahali panapotakiwa, kwa hiyo sijui nani kapoteza.

Tatu, mikwaruzo, na hapa naomba msikilize kwa makini kwa sababu wauzaji wa mtumba hawatawaambia. Kwenye DVD data iko katikati ya unene wa diski, kama sandwichi, kuna milimita 0.6 za plastiki juu yake. Mkwaruzo wa wastani unaweza kung'arishwa kwa mashine ukaisha. Kwenye Blu-ray data iko milimita 0.1 tu kutoka uso unaong'aa. Wameipaka gamba gumu, haikwaruziki ovyo, lakini ikishakwaruzwa kwa kina hakuna cha kung'arisha, utakuwa unakwangua hadithi yenyewe. Kwa hiyo DVD yenye michubuko midogo nainunua bila wasiwasi na naomba nipunguziwe. Blu-ray naomba picha ya upande wa chini chini ya taa, na muuzaji akisema "haina shida" bila picha, naendelea na safari.

Na kufuta: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Ukizungusha kama unasugua sufuria, ukikwaruza unakwaruza kufuata njia ya data.

---

Mtazama_Usiku

Sasa haya yote si kazi ya ofisini kabisa? Tochi, rimoti, misimbo...

---

Rafu_ya_Tatu

Ndiyo raha yenyewe.

---

Epi_ya_19

Nimerudi wakuu. Nimefanya ya tochi. Diski ya 1 na ya 3 hazina kitu chochote kwenye ule mzingo, peupe. Ya 2 pana kama mtu kapitisha msasa. Nikamwandikia muuzaji kwa upole, nikamtumia na picha. Jibu lake: "Siyo feki, ni toleo la Asia." Mnasemaje?

Na Mzee Kongwe, nimehesabu kwa utaratibu wako. Toleo halali la zamani la hii hadithi lilikuwa juzuu 7. Nne nne mpaka la tano, halafu mbili za mwisho tatu tatu.

---

Deki_Kongwe

"Toleo la Asia" ni sentensi ya kwanza wanayofundishwa. Matoleo halali ya Asia yapo, sikatai, na mengine ni mazuri. Lakini toleo halali linamtaja aliyepewa leseni, jina na nembo, na la Asia ya Kusini-Mashariki kwa kawaida utaona namba 3 kwenye ukanda. Muulize swali moja tu: leseni ni ya nani? Halafu fungua malalamiko pale ulipolipia kabla muda wa kudai haujapita. Hilo fanya leo, siyo kesho. Tuma picha za mzingo, za kava na za ule mlango wa leo.

Na hata wakikurudishia hela wakakuachia diski, usije ukamuuzia mwingine. Nimeona watu wazima wanafanya hivyo kwa kisingizio cha "mimi nilisema ni toleo la Asia".

Halafu anza na la 7.

---

Epi_ya_19

Wakuu, mrejesho.

Hela imerudi. Nilipomuuliza leseni ni ya nani alinyamaza, akatumia siku nne kunyamaza, kisha wale wa malipo wakaamua wenyewe.

La 7 nimelipata! Lilikuwa peke yake, muuzaji kaandika tu "anime DVD, sijui ni nini, inacheza". Hakuweka hata jina la hadithi kwenye tangazo, nililitambua kwa mgongo wa kava kwenye picha ya tatu, limechungulia nyuma ya filamu za vita. IFPI ipo, nimeiona kwa macho yangu, nimemwita mpaka mdogo wangu aje aone, akaniangalia tu.

Sasa nina tatizo jipya ambalo sikulifikiria. La 7 ni episodi ya 24 mpaka 26. Mimi niliishia ya 19. Mwisho wa hadithi niliyoililia miezi yote hii uko hapa mezani, unacheza, hauna mkwaruzo, na siwezi kuutazama. Jana usiku nimeitoa kwenye kava nikairudisha mara mbili. Nahitaji la 5 kwa ajili ya ile ya 20, halafu la 6. La 1 mpaka la 4 nimeshayaona kama mzee alivyosema, yamezagaa, hayo hayaninyimi usingizi.

---

Deki_Kongwe

Usiiguse. Ifungie kabatini, ufunguo mpe mdogo wako.

---

Rafu_ya_Tatu

Ngoja kwanza. Juzuu 7, mgongo wa kava wa bluu, na namba ya juzuu imeandikwa ndani ya duara jeupe?

Kama ndiyo hiyo, la 5 ninalo mara mbili. Nililinunua kwa bahati mbaya kwenye fungu la diski zilizoondolewa maktaba, halafu nikapata jingine safi. Diski nimeijaribu, inacheza mpaka mwisho. Ila kava lina stika ya maktaba mbele, imekaa juu ya uso wa mhusika kabisa, na nikijaribu kuibandua inatoka na karatasi. Utaliweza hivyo hivyo?

---

Epi_ya_19

Dada, bluu, duara jeupe. Nakuja inboksi sasa hivi. Hiyo stika usiiguse.